Udongo Kati ya Samaki

Friza ya Mama Odette ilikuwa palepale kwenye korido, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, na juu ya kitambaa watu wa matanga walikuwa wamepanga vikombe vyao vya chai. Nilikuwa nimetoka Johannesburg kuja kumlilia mwenye friza. Lakini baada ya kuwapa pole wanawake waliokaa sakafuni sebuleni, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka kiganja ubavuni mwa lile sanduku nione kama linanguruma. Lilikuwa linanguruma. Yaya Béa, yaya kwa Wakongo ikiwa ni dada mkubwa, ndiye aliyenitumia ujumbe wa sauti kwamba Mama ametutoka, naye alinikuta nimesimama hivyo. "Neema, unasalimia friza mbele ya watu?" alisema, akacheka, kisha akakumbuka tuko wapi akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Nami nikacheka, na katikati ya kucheka sikujua tena kama nacheka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwaka mzima niliolala kando ya friza hiyo. Nimejaribu mara nyingi kuuandika mwaka huo, na kila ninapofika mahali pa kusema nani alimsaidia nani, mkono unasita.

Sitasimulia nilivyofika Durban. Kila mtu wa kwetu ana hadithi ya barabara, na ukiwa na subira utaisikia kwenye saluni yoyote ya mjini kabla nywele zako hazijaisha kusukwa. Nianze siku niliyoingia fleti ile ya South Beach nikiwa na shahada ya kwanza, nafasi ya kusomea ya pili, na tabia ya kuuliza "una uhakika gani?" hata kwa mtu aliyeniambia mvua inanyesha. Mama Odette alinipokea kwa sababu watu wa kanisa walimwomba, au kwa sababu alitaka mtu wa kuchangia kodi. Sababu zote mbili nilizisikia kwa kinywa chake mwenyewe, tena katika wiki moja. Sebule ilikuwa imegawanywa kwa mapazia ikawa vyumba vitatu vya familia tatu. Mimi nikapewa korido, godoro moja kati ya mlango wa choo na friza. "Hapa iko baridi ya bure," aliniambia, akipiga mfuniko kama mtu anayepiga shingo ya ng'ombe wake. Nikamwambia kwamba friza hutoa joto kwa nyuma, kwa hiyo pale ndipo palikuwa na joto kuliko pengine pote ndani ya nyumba. Akanitazama. "Eish. Mutoto hajakula, tayari anasahihisha watu."

Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa kugandishwa, wale wenye tumbo jeupe ambao Wakongo huwaita tomsoni. Samaki walikuja kwa makatoni, yeye akawauzia wapishi wa mjini na akina mama waliomaliza ibada ya Jumapili wakiwa na hamu ya kwao. Mwaka ule umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho mtaa ule, na samaki hawezi kusubiri zamu. Basi watu watatu walikuwa wameungana: Mama Odette hapo South Beach, Yaya Béa, aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya taxi, daladala za huko, kitongojini Isipingo, na Kaka Déo, Mrundi mwenye duka la simu Pinetown, aliyeweka friza nyuma ya kaunta na kuuza samaki kwa wateja waliokuja kubadilisha kioo cha simu. Ratiba ya kukatwa umeme ikitoka, walipigiana simu. Umeme ukiondoka kwa Béa kwa muda mrefu, samaki wake walipanda taxi kuja kwetu ndani ya masanduku ya barafu. Ukiondoka kwetu, wetu walikwenda Pinetown. Na walikuwa na sheria moja iliyonisumbua kuliko zote: samaki akishaingia ndani ya friza yoyote kati ya hizo tatu, hakuwa wa mtu. Ukileta katoni tatu, utatoa katoni tatu, lakini si lazima ziwe zilezile. Ukikuta za mwenzako ziko juu, unauza za juu. "Sasa mtajuaje zilizoharibika zilikuwa za nani?" nilimuuliza Mama Odette jikoni. Alikuwa anasonga bugali, bega lote likizunguka. "Kwa nini tujue?" "Ili aliyepata hasara ajulikane." "Akijulikana, njo samaki wanafufuka?" Sikuridhika, na nilikula bugali na sombe, kisamvu cha Wakongo, nikiwa nimenuna.

Shuleni nilikuwa nasoma kitu ambacho, nilipokieleza nyumbani, kilionekana kama mzaha. Mbali sana kusini, kwenye njia ya kwenda Antaktika, kuna kisiwa cha upepo na mawe ambapo nyasi fupi na vimea vinavyotanda kama zulia huota kwenye udongo unaoganda na kuyeyuka. Udongo wenyewe ni maskini. Naitrojeni, ambayo mmea hauwezi kukua bila hiyo, ni kidogo mno, na inagombewa na mizizi pamoja na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wataalamu walikuwa wameeleza jinsi mmea na vijidudu vinavyoishi pamoja: majira ya baridi, mmea ukiwa umelala, vijidudu huendelea kufanya kazi chini ya theluji na kujikusanyia naitrojeni miilini, theluji ikiyeyuka, vingi hupasuka na kufa, na chakula chao kinamwagika kwenye udongo wakati uleule mizizi inapoamka. Dunia ikizidi kupata joto, mpango huo unaweza kuvurugika. Udongo unayeyuka mapema, chakula kinamwagika, mmea bado umelala, mvua inakuja na kusomba kila kitu hadi baharini. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole aliyekwisha kwenda kisiwani mara kadhaa, aliita maisha hayo ya mmea na vijidudu kugawana. Mimi nikamuuliza mbele ya wenzangu: kama mmoja anakula akiwa hai na mwingine anakula maiti yake, nani amemgawia mwenzake? Alitabasamu. "Neno ni la kwetu," alisema. "Udongo haujali tunauitaje. Wewe pima."

Nilichopaswa kupima kilikuja kwa meli. Huko kisiwani walikuwa wamejenga vibanda vidogo vya plastiki visivyo na paa, vinavyoupa udongo joto kidogo zaidi ya jirani yake. Kila pahala walipochimba walichukua vichupa viwili: kimoja cha udongo wa ndani ya kibanda, kimoja cha udongo wa nje, hatua chache tu pembeni. Vyote viwili vilipewa namba moja, ya shimo lao. Vya joto viliwekwa mfuko mwekundu, vya kawaida mfuko wa bluu, na mfuko ndio uliokuwa alama pekee. Kazi yangu yote ya mwaka ilikuwa kulinganisha chekundu na bluu, shimo kwa shimo, na sharti lilikuwa moja: visiyeyuke. Udongo ukiyeyuka, vijidudu vinapasuka hapohapo kwenye kichupa, na unachopima kinakuwa uzembe wako badala ya kisiwa. Meli isingeleta udongo mwingine kabla ya muda wangu wa masomo kwisha, na muda wa masomo ukiisha, kibali changu cha kukaa nchini nacho kingekwisha. Kwa hiyo jenereta ya maabara ilipoharibika, na friza chache zilizobaki na umeme zikajazwa kazi za watu wakubwa, nilipanda taxi na udongo wangu mapajani, ndani ya sanduku la barafu nililoazima kwa Mama Odette mwenyewe, linalonuka tomsoni.

"Hii njo ile ardhi ya pôle?" aliuliza, pôle yake ikiwa ncha ya dunia, akikitazama kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kulikuwa na kipande cha kimea, bado kijani. "Masikini. Ametoka kwenye barafu, anarudi kwenye barafu." Aliiweka mifuko yangu miwili kwenye pembe ya friza, juu ya samaki, na kwa wiki kadhaa nililala vizuri kuliko wakati wowote mwaka ule, mgongo wangu ukisikia mngurumo. Udongo ukaingia kwenye mzunguko. Ukasafiri Pinetown na kurudi. Ukalala Isipingo. Kila mara nilikwenda nao mimi mwenyewe, nimekumbatia mifuko, na madereva wakaniuliza kama ni dawa.

Kisha nikasikia mazungumzo ambayo hadi leo sijui niyaweke wapi. Ilikuwa mchana, nimejilaza korido, wao wako jikoni wakidhani niko shule. Yaya Béa alikuwa amekuja kuchukua samaki, na alikuwa amekasirika. "Mama, ile udongo hailiwe. Inakula nafasi ya katoni nzima. Bon, ni mutoto wa kanisa, nimesikia, lakini miye nalipa umeme." Kisu kikaendelea kukwangua magamba. Halafu sauti ya Mama Odette, si ya ukali wala ya upole: "Akipata ile diplôme yake, atatoka kwenye korido yangu. Uniache nimumalize." Béa alicheka sana. Mama Odette naye akacheka. Mimi nilibaki natazama dari. Nimumalize. Anisaidie kumaliza, au anitoe nyumbani mwake? Nilikipima kile kicheko pande zote. Jioni alinitengea kichwa cha samaki, ambacho ndicho kipande alichokipenda yeye, nami nikakila nikijiuliza kama ni cha kuaga.

Baada ya hapo nikawa mkali nisivyopaswa. Nilimwambia, tukiosha vyombo, kwamba hata udongoni hakuna anayemgawia mwenzake, kila mmoja anajitafutia tu, ila wanapishana kwa wakati mzuri, na sisi tukitazama kwa mbali tunaona upendo. Nilitaka anibishie. "Kumbe," alisema. Akasuuza sufuria. "Sasa joto ikizidi, njo hawapishane tena vizuri?" "Ndiyo. Mmoja anamwaga, mwingine amelala." "Na wewe unataka nini, wapendane ao wapishane vizuri?" Nikasema sayansi haitaki kitu. "Alors, weka masahani kwenye kabati," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwezi wa mwisho wa baridi msimamizi wangu alinipeleka mji mwingine kwenye mkutano wa wanafunzi. Nilimwachia Mama Odette mifuko na maagizo ambayo nilidhani yanatosha: visiyeyuke, basi. Nikiwa huko, transfoma ya mtaa wetu ikalipuka. Haikuwa zamu ya kukatwa. Ilikuwa giza lisilo na ratiba. Simu yangu ilikuwa imezimwa ukumbini. Niliporudi na kupanda ngazi, lifti ikiwa haifanyi kazi, nilikutana na harufu ya samaki wa kukaanga tangu ghorofa ya chini, na majirani ambao hawajawahi kunisalimia, Wazulu, Wanaijeria, yule mzee wa ghorofa ya nne anayemfukuza kila mtu, wote wakaniambia asante. "Asante ya nini?" "Ya samaki, sisi," alisema mama mmoja, sisi kwao ikiwa ni dada, akifuta midomo.

Mama Odette alikuwa amekaa juu ya friza tupu, miguu ikining'inia, amechoka na anang'aa. Alinieleza yote kwa mkupuo mmoja. Alipoona umeme haurudi, aliwapigia wenzake. Friza ya Isipingo ilikuwa na nafasi kidogo, ya Pinetown kidogo vilevile. Samaki wote pamoja na udongo wasingeenea. Basi katoni moja ya samaki ikaachwa nje, ikakaangwa kwenye jiko la gesi, ikagawiwa jengo zima kabla haijaoza. "Udongo yako haikuyeyuka hata moja," alisema. "Hata moja! Niliifunga na barafu, Déo alikuja na bakkie, ile pikapu yake." Nilimkumbatia. Nilikuwa bado nimemkumbatia alipoendelea: "Na niliigawa vizuri. Sikuweka yote pamoja, friza moja ikikufa unapoteza yote. Niliona kila namba iko mbili. Namba moja iko mbili, namba mbili iko mbili. Njo nikatuma kila moja huku, mwenzake kule. Hata friza ya Béa ikizima, utabaki na namba zako zote."

Nikauliza, polepole, mifuko iko wapi. Mifuko ilikuwa imefuliwa. Ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya dirishani, mwekundu na wa bluu, inapepea, kwa sababu ilikuwa inakula nafasi na ilikuwa mizuri, ingeweza kutumika tena. Na ulipotoa vichupa, nikauliza, vyekundu vilikwenda Isipingo na vya bluu Pinetown? Aliniangalia kama nimemuuliza samaki gani alikuwa wa nani. "Nilimwaga yote kwenye beseni, mwanangu. Nikagawa. Moja huku, moja kule. Sawasawa." Alikuwa amefanya kile ambacho wao watatu walifanya kila wiki, jambo lililowaweka mjini wakati wengine walifunga biashara: kugawa hasara kabla haijaja, ili asiwepo wa kupoteza yote. Udongo wangu wote ulikuwa mzima, umeganda kama jiwe, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua upi ni wa joto na upi ni wa kawaida. Sikupiga kelele. Nilikaa juu ya friza kando yake. Akanishika goti, akasubiri nimshukuru tena, na nilimshukuru. Sikumwambia siku ile. Nilimwambia baada ya wiki, na akaendelea kukwangua samaki siku nzima, kisha akasema jambo moja tu: "Lakini haikuyeyuka."

Nilipima hata hivyo. Jenereta ilitengenezwa, nikarudisha vichupa maabara, nikafikiri: kama joto kweli linavuruga kile wanachokiita kugawana, udongo wenyewe utaniambia. Katika kila jozi, kichupa kimoja kilikuwa na naitrojeni zaidi ndani ya vijidudu, kingine kidogo. Nilijua vitabu vilitarajia udongo wa joto uwe na kidogo. Ningeandika tu "joto" kwenye kila chenye kidogo, na ningepata tasnifu safi, shimo kwa shimo, bila doa. Nilikaa mbele ya kompyuta mchana kutwa nikiitazama tasnifu hiyo ambayo haipo. Lakini kati ya vitu viwili vyovyote kimoja huwa kidogo kuliko kingine. Hata kama vyote vingetoka ardhi moja, ningeweza kuvipa majina hivyohivyo na vingenikubalia. Nilipompelekea msimamizi wangu namba zile bila majina, alizitazama muda mrefu. "Unaona tofauti?" aliuliza. Nikasema naiona ninapoitaka, na nisipoitaka haipo. Akavua miwani. Alisema hilo lilikuwa jibu la kwanza nililompa ambalo halikuwa swali. Nikaandika kitu kingine, tasnifu nyembamba kuhusu jinsi shimo moja linavyotofautiana na jingine, bila neno joto hata mahali pamoja. Nilipita kwa shida. Nikatoka kwenye korido. Mama Odette alipika makayabu, samaki wa chumvi, siku niliyoondoka, akalia, akamwingiza mwanafunzi mwingine wiki hiyohiyo.

Miaka yote hii nimekuwa na hakika moja tu kuhusu jambo lile, nayo ni kwamba katoni iliyoachwa nje ilikuwa ya Mama Odette. Nilijiambia kwamba kama alitaka niondoke tu, asingechoma mtaji wake kwa ajili ya matope. Hakika hiyo ndiyo niliyokuja nayo matangani, na jioni ya kwanza, tukila, niliitoa mbele ya watu. Nilisema Mama alitoa samaki wake ili udongo wangu uishi. Yaya Béa aliacha kutafuna. "Wake? Neema, ile katoni ilikuwa yangu. Nililetea Mama asubuhi ile ile. Nililia njiani mpaka Isipingo." "Oya, oya," Kaka Déo alisema kutoka mlangoni, akiwa na sahani mkononi. Amenenepa, ana duka la pili sasa. "Ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyebeba kwa bakkie, mimi ndiye niliyeambiwa, Déo, hii yako inabaki." "Weye ulibeba udongo tu!" "Na samaki wako ulikuwa umeuza tangu Ijumaa, Béa, usidanganye mbele ya maiti." "Maiti iko mochari, haisikii." Wanawake wakaanza kucheka, mmoja akasema na yeye alikuwa na samaki mle siku ile, sijui hata alikuwa nani. Niliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja aliyabeba maumivu ya katoni ile miaka yote kama yake, na kwa sheria yao hapakuwa na namna ya kujua. Mwenye kujua, kama alijua, ndiye tuliyekuwa tunamlilia. Nilihisi kile kitu changu kimoja cha uhakika kikinitoka mkononi, na ajabu ni kwamba sikujua kama nimepoteza au nimeongezewa.

Mama alipozikwa na matanga kwisha, watu wakaanza kufunga virago na ukawa wakati wa kugawa vyakula vilivyobaki. Friza ilikuwa imejaa tena. Kila aliyekuja alileta kitu, na kila kitu kiliingia mle bila jina. Wazee wa kanisa walikuwa bado hawajaamua friza yenyewe itakwenda kwa nani, na nilivyowasikia sebuleni, hawataamua upesi. Yaya Béa aliinua mfuniko, mvuke wa baridi ukampanda usoni. "Neema, ulileta nini?" Nikasema kuku wawili, waliofungwa kwa karatasi ya gazeti, nimewaweka upande wa kushoto chini kabisa. Aliinama, akachakura, barafu ikikwaruza. "Kuku zimeisha," alisema, akanyoosha mkono bila kunitazama. "Shika hii." Ilikuwa tomsoni, ngumu kama gogo. Nilitaka kumuuliza ni ya nani. Nikaifunga kwenye kanga yangu, na hadi basi la kunirudisha Johannesburg linavuka Pinetown ilikuwa bado haijaanza kuyeyuka.